Kapu la Udongo na Chungu cha Maji

Leo hapa redioni ninataka tuzungumze juu ya mali. Sisemi mali ya hapa mjini Lubumbashi, yenye ukuta na mlinzi mlangoni. Nataka tuzungumze juu ya mali ya mugini, yaani kijijini.

Wakati wa kiangazi nilikwenda kumsalimu mjomba wangu. Kijiji sitakitaja, kwa sababu shauri lake bado halijaisha, na sitaki maneno yangu yaende kuwasha moto pale. Asubuhi ya pili, tulipomaliza kunywa uji, mzee alichukua fimbo yake akaniambia, "Mpwa wangu, twende nikuonyeshe mali yako." Yako, si yangu. Ninyi mliozaliwa katika kabila la Balamba au la Babemba mnaelewa alichosema. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ulinzi wa ardhi hupita kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake.

Tulitembea mpaka jua likawa kali. Hakuna ua, hakuna waya. Mjomba alinionyesha kichuguu, kile kirefu kuliko nyumba, akasema mpaka wetu unaanzia hapo. Kutoka kichuguuni tulishuka mpaka dembo, pale maji yanapobaki hata mwezi wa tisa, tukapanda mpaka kwenye miembe mitatu iliyosimama peke yake porini. Ukiona miembe porini hakuna nyumba, jua kwamba watu waliishi pale. Chini ya mwembe wa katikati ndipo bibi yangu alipomzaa mama. Nyuma yake kuna makaburi. Majani yameyafunika, lakini mzee alikuwa anapita katikati yake kama mtu anayepita sebuleni kwake, anajua nani amelala wapi.

Halafu tukajikwaa kwenye kigingi cha saruji. Kimepakwa rangi, kina namba. Mzee alikigusa kwa fimbo, akasema, "Hiki hakikuzaliwa hapa."

Vigingi vilikuwa vinne. Baadaye tulipouliza tuliambiwa kwamba eneo lote lile, dembo, miembe na makaburi, lina sertifika, yaani hati ya ardhi ya serikali, na mwenye sertifika ni mtu wa mjini ambaye hakuna mtu pale mugini aliyewahi kumwona akila bukari, yaani ugali, nao. Na sertifika ile imepita miaka miwili. Kumbukeni hiyo miaka miwili, nitairudia.

Kwanza tuulize: mtu wa mugini ana mali gani? Sisi wa mjini tukifika kule tunaona umaskini tu. Nyumba ya matofali yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu, paa la majani. Mbuzi wawili, watatu, kuku. Baiskeli, ambayo ndiyo gari la ukoo mzima: inabeba makala, yaani makaa, mpaka Lubumbashi, inarudisha chumvi na sabuni, inampeleka mjamzito zahanati. Tunahesabu hivyo vitu, tunaona havijazi hata chumba kimoja cha nyumba ya matajiri wa mtaa wa Golf, tunasema hawa hawana kitu.

Tumehesabu vibaya. Mali kubwa ya mwanakijiji haiko ndani ya nyumba. Iko ndani ya udongo. Muhogo uliokomaa hauhitaji ghala. Unakaa ardhini, mama anachimba wa leo na kuuacha wa mwezi ujao, na ule wa mwaka ujao uko pembeni. Hiyo ndiyo benki yake. Mvua zikianza, uyoga, yaani bowa, unatoka chini ya miti. Na ukifika msimu wa vinkubala, yaani viwavi vinavyoliwa, watoto wanarudi na ndoo zimejaa, vinakaushwa, vinaletwa kuuzwa kwetu mjini kwa bei nzuri kuliko mahindi. Nyuki, dawa, majani ya kuezekea, mti wa kutengenezea mpini wa jembe. Vyote hivyo ni mali, na vyote viko kwenye pori ambalo msafiri anayepita na gari anasema liko tupu.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwenye hilo neno, tupu. Wazee wetu walilima kwa chitemene. Wanakata matawi ya miti, wanayakusanya, wanayachoma, wanapanda ulezi kwenye jivu, baadaye muhogo, kisha wanaliacha shamba lipumzike. Linapumzika miaka mingi, hata ishirini, mpaka miti irudi kuwa miti. Katika miaka hiyo yote shamba lina mwenyewe. Kila mtu mugini anajua ni la nani, na ukitaka kulima pale unakwenda kuuliza. Lakini shamba linalopumzika na pori lisilo na mtu, kwa jicho la mgeni, vinafanana.

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru la Kongo lilipokuwa na mwezi mmoja tu au miwili, lilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani aliamua ipi haina mwenyewe? Waliotoka Ulaya. Walihesabu vibanda na mashamba yenye mazao siku ile, wakasema hivi ni vya wenyeji, vilivyobaki ni vyetu. Hapa Katanga mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, isimamie ardhi yote kwa niaba ya dola na ya Kampuni ya Katanga, mafungu mawili kwa dola na moja kwa kampuni. Mababu zetu waligawanywa kwenye karatasi kwa theluthi kabla hata mji huu wa Lubumbashi haujajengwa mwaka 1910.

Je, kabla ya karatasi hizo watu wetu hawakujua kumilikishana ardhi? Wazee wa bonde la Luapula, upande wetu wa Kasenga na upande wa Zambia, wanasimulia habari ya Nachituti. Alikuwa dada wa Nkuba, mfumu, yaani chifu, wa Bashila, wavuvi waliokuwa wenye maji yale. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti kwa uchungu alikwenda kwa Kazembe, mfalme wa Walunda aliyekuwa amekuja kutoka magharibi, akamwomba amlipie kisasi. Kazembe alimuua Nkuba. Nachituti akamletea kapu la udongo na chungu cha maji. Ndiyo hati. Kwa udongo ule na maji yale, nchi ilipita mkononi mwa Kazembe.

Mimi nikisimuliwa habari hii huwa natazama mambo mawili. La kwanza, aliyetoa nchi ni mwanamke, kwa sababu nchi ilifuata damu ya mama. La pili ndilo kubwa zaidi: hata baada ya kapu lile, Kazembe alitawala watu, lakini koo za Bashila ziliendelea kuwa wenye vijito na mabwawa ya samaki. Wao ndio waliofungua msimu wa kuvua, wao ndio waliozungumza na mizimu ya maji. Mfalme mpya aliingia, na mwenye ardhi wa zamani hakufukuzwa. Walijua kwamba kutawala ni jambo moja na kumiliki ni jambo lingine.

Sheria yetu ya leo imechanganya hayo mawili. Tarehe 7 Juni 1966 ilikuja ile sheria tunayoiita ya Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeipeleka. Ilirudisha ardhi na madini kwa taifa kutoka mikononi mwa makampuni ya kikoloni, na mimi siilaumu kwa hilo, ilikuwa lazima. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya ardhi inayotutawala mpaka sasa, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya dola peke yake, haiuzwi wala haipotezi mwenyewe kwa kupita miaka. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo haithibitishwi ila kwa sertifika.

Na watu wa mugini? Wamewekwa mwishoni kabisa, kifungu cha 387 mpaka cha 389. Vinasema kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji nazo zimekuwa za dola, na kwamba haki zao juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri.

Zitapangwa. Mwaka 2023 sheria ile ilitimiza miaka 50, na amri hiyo haikuwa imetoka. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 1973 wamekuwa na wajukuu. Mamilioni ya Wakongo wanalima, wanazika, wanajenga juu ya ahadi ambayo hakuna rais aliyeitia sahihi. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, imesema mali ni takatifu, na kwamba dola linalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kwa desturi! Neno hilo limo. Lakini ukienda nalo kwenye ofisi ya ardhi, ukaweka mezani desturi yako na mwenzako akaweka sertifika yake, unajua nani anarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa niseme kuhusu miaka miwili. Sheria ile ile ya 1973 ina ulinzi mzuri ambao watu wa mugini hawaambiwi. Mtu akiomba ardhi ya vijijini, lazima ufanyike uchunguzi kwanza. Tangazo libandikwe. Watu wanaokaa au kufanya kazi pale wahesabiwe. Ichorwe ramani ya mahali, ionyeshe misitu, mito na njia. Na wanaotaka kulalamika kwa mdomo wasikilizwe. Kwa mdomo, nasema, huhitaji kujua kuandika. Sheria inamtaka ofisa akae chini, amsikilize mjomba wangu.

Uchunguzi huo mara nyingi unafanyika mezani, Lubumbashi. Karatasi zinajazwa, hapana watu, hapana malalamiko, pori tupu. Tangazo linabandikwa kwenye mlango wa ofisi iliyo umbali wa siku nzima kwa baiskeli. Baadaye sertifika inatoka, na miaka miwili ikipita bila mtu kuishtaki, haiwezi tena kuvunjwa. Anayelalamika atabaki kudai fidia tu. Miaka miwili ni mifupi kuliko muda wa muhogo kupandwa, kukomaa na kuliwa wote. Shamba linaweza kuwa limelala, mwenyewe akijua limelala salama, kumbe hukumu yake imeshaiva.

Sitawaficha kwamba na wafumu wetu wana sehemu yao. Zamani mgeni aliyetaka kulima alileta kuku, au mbuzi, akapewa mahali pa kulima yeye na watoto wake. Alikuwa anapokewa kuwa jirani. Hakuna aliyedhani ameuziwa. Siku hizi anakuja na bahasha ya pesa, na mfumu anatia sahihi hekta 200. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya hadhi ya wafumu wa desturi inawatambua kuwa walinzi wa desturi. Desturi haijawahi kumpa mfumu ruhusa ya kuuza makaburi. Mfumu anayefanya hivyo anajua, na watu wake wanajua, ndiyo maana mambo haya yanafanyika usiku.

Na wa kwanza kuumia ni wanawake. Mwanamume akinyang'anywa ardhi atakuja mjini, atasukuma mkokoteni, ataingia shimoni kuchimba. Mama mwenye watoto wanne anabaki pale pale, anapewa ruhusa na mlinzi wa mwenye ferme, yaani shamba kubwa, kulima pembeni, msimu mmoja mmoja, na akipanda muhogo anakatazwa, kwa sababu muhogo unakaa muda mrefu ardhini. Anaambiwa panda mahindi tu. Benki yake imefungwa. Na akifiwa na mume, ndugu wa mume wanakuja kubeba baiskeli na mabati. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, imewapa watoto robo tatu ya urithi na inamlinda mjane katika nyumba aliyoishi na mumewe. Ba mama mnaonisikiliza, hiyo ni sheria, idaini.

Juu ya madini nitasema machache, maana tumeyazungumza mara nyingi hapa. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inataka asilimia 15 ya mrabaha iende kwa sekta, sheferi (eneo la utawala wa mfumu) au komini ambamo mgodi uko, na kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka. Ni hatua kubwa. Lakini fedha za mrabaha zinaishia kwenye sheferi, na kijiji chenyewe hakina sanduku wala sauti ya kisheria. Kampuni ya mgodi angalau ina jina na ina mlango wa kugonga. Mwenye ferme aliyeweka vigingi vinne akarudi mjini humpati.

Kuna nchi zilizolitatua tatizo hili la ardhi ya vijiji? Zimejaribu. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Kijiji kule kinatambuliwa. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, mkutano wa kijiji unaulizwa, na mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake, mwanamke sawa na mwanamume. Migogoro kule ipo, tena mikali, hasa pale wafugaji wanapokutana na hifadhi. Hata hivyo mwanakijiji ana karatasi ya kuinua mkononi, na kuna sheria inayosema kijiji ni nani.

Mbali zaidi, Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, wanakijiji wa milimani na misituni waliambiwa jambo lile lile tuliloambiwa sisi: misitu yenu ya mababu ni misitu ya dola. Sheria yao ya misitu ya 1999 iliandika hivyo. Umoja wao, unaoitwa AMAN, ulikwenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 16 Mei 2013 majaji walifuta neno moja, neno dola, wakasema msitu wa jamii ya desturi si msitu wa dola. Ilipofika mwisho wa Desemba 2016, Rais Joko Widodo aliwakabidhi jamii tisa za kwanza hati za misitu yao. Tisa, kwa nchi kubwa kama ile, ni chache mno. Lakini wale tisa wameacha kuwa wageni kwenye makaburi ya babu zao. Na sababu yao ni ile ile ya mjomba wangu: waliweza kuonyesha mti, mto na kaburi.

Hapa kwetu mlango mmoja uko wazi, nao hautumiki vya kutosha. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake wa desturi, mpaka hekta 50,000, bila kulipia, na kuupata milele. Si ardhi yote, ni msitu. Lakini pori letu la miombo ni msitu, na shamba lililolala miaka ishirini limerudi kuwa msitu. Kazi yake ni ndefu: kukaa pamoja, kukubaliana mipaka na majirani, kuchora ramani, kuandika majina ya koo. Ni kazi ya kufanywa wakati mjomba bado anaweza kutembea. Akiondoka yeye, nani atajua kichuguu kipi ni mpaka na kipi ni kichuguu tu?

Sasa ninageukia kwetu sisi wa Lubumbashi. Makala tunayopikia, kwa kuwa umeme hautoshi, inatoka kwenye miti yao. Unga wetu, sombe yetu ya majani ya muhogo, vinkubala vyetu, vyote vinatoka kwao. Na wengi wetu tuna ndoto ya kununua ferme, tuwe na mahali pa kustaafia, pa kufugia. Ndoto hiyo haina ubaya. Ila wewe unayeipanga, ukionyeshwa hekta 50 kwenye ramani na ukaambiwa hakuna mtu pale, usitie sahihi bado. Panda baiskeli au gari, nenda ulale kule usiku mmoja. Uliza mbele ya watu wote, na ba mama wawepo, nani analima hapa, nani alilima kabla yake, nani amezikwa. Ukikuta miembe porini, uliza nani aliipanda.

Na ninyi wa mugini mnaonisikia, msingoje vigingi. Kila kiangazi, kabla majani hayajachomwa, mchukue vijana wanaojua kuandika, mzunguke mipaka na wazee. Andikeni jina la kila kichuguu, kila dembo, kila kaburi. Mpeleke nakala kwa sheferi na kwa mkuu wa teritwari, mdai mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkiona kigingi kipya, msikingoe. Siku hiyo hiyo pelekeni malalamiko, maana siku za kuhesabu miaka miwili huenda zimeshaanza.

Wabunge wetu wa Haut-Katanga, wa hapa na walioko Kinshasa: kifungu cha 389 kinangoja tangu 1973. Mjomba wangu ana miaka 78.